Angani Mwenye Macho Huambiwa Tazama

Siku za kaskazi, kukiwa kweupe, rubani anayeijia Mombasa kutoka upande wa Kwale huuona uwanja wa Moi akiwa bado mbali. Hori ya Port Reitz iko mbele yake, winchi za Kilindini zinaonekana mkono wa kulia, na njia ya kutulia yenye urefu wa takribani mita 3,350 imelala ng'ambo ya maji, haina pa kujificha. Hapo huenda akaomba kwa mwelekezi wa ndege ruhusa ya kutua kwa macho, yaani aache hatua zilizobaki za utaratibu wa vyombo, akate kona, auendee uwanja kwa kutazama nje. Akikubaliwa, abiria hahisi lolote. Vikombe vinakusanywa, mikanda inafungwa. Lakini katika maneno yale machache ya redio jukumu zito limehama: kuanzia hapo, kuhakikisha kwamba ndege haigongi ardhi ni kazi ya rubani na macho yake.

Utaratibu wa vyombo umechorwa na watu waliopima kila kilima, kila mlingoti na kila mnara wa simu ulio jirani na uwanja, kisha wakaweka kimo ambacho ndege isishuke chini yake. Anayeufuata analindwa na hesabu za watu ambao hawamo ndani ya ndege, hawana haraka, wala hawajakesha. Anayetua kwa macho ameziacha hesabu hizo nyuma. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linamtaka aweze kuiona ardhi muda wote. Marekani wanamtaka auone uwanja, au aione ndege iliyomtangulia. Mchana tofauti hiyo ni ya wanasheria. Usiku ni jambo jingine, kwa sababu taa za uwanja huonekana kutoka maili nyingi, na kilima kilicho katikati hakina hata kibatari.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Kwenye chumba cha rubani methali hiyo imeua watu, na bado imo ndani ya taratibu za mashirika mengi ya ndege, ingawa imeandikwa kwa lugha ya kiofisi. Kifungu chenyewe kinasema hivi: usiku au mawinguni, onyo la kifaa cha kutambua ardhi likilia, rubani avute juu papo hapo bila mjadala. Mchana anapoona vizuri nje, akishajiridhisha kwa macho kwamba hakuna hatari, anaweza kulichukulia onyo hilo kama tahadhari tu na kuendelea na safari yake ya kushuka. Mimi nasema ruhusa hiyo ya mchana ifutwe.

Sisemi kutua kwa macho kupigwe marufuku. Kunaokoa mafuta, kunapunguza ndege zinazozunguka angani zikingoja zamu, na kwa rubani mzoefu, jua likiwaka, ni kazi ya kila siku. Isitoshe, utalii wetu wa ndege ndogo usingekuwepo bila huko. Viwanja vya Maasai Mara ni vipande vya ardhi katikati ya mbuga. Hakuna mtambo wa redio wa kumshusha mtu kwa mshale, kuna macho, kumbukumbu, na pengine nyumbu wa kufukuzwa kwanza. Ninachopinga ni imani kwamba kuona kunatosha, na kwamba aliyeona hana haja ya kuulizwa.

Kifaa chenyewe kina historia ambayo huku kwetu haisimuliwi, ingawa Nairobi imo ndani yake. Mwaka 1974 Boeing 747 ya British Airways ilikuwa ikishuka kuelekea mji huo. Iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500. Marubani wakasikia 5,000, wakaiweka hiyo kwenye mitambo. Uwanja wa Nairobi uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari. Kimo walichokuwa wakikiendea kilikuwa chini ya udongo. Walipotoka mawinguni walikuta ardhi iko pale pale, wakavuta, wakanusurika wakiwa chini ya futi 100 kutoka kwenye nyasi. Rubani aliyezoea viwanja vya kando ya bahari, ambako sufuri ya altimita, yaani kipimo cha kimo, na usawa wa ardhi ni karibu kitu kimoja, hawezi kuhisi mwilini kwamba 5,000 ni namba ya kifo. Desemba mwaka huohuo, Boeing 727 ya TWA iliyokuwa ikielekea uwanja wa Dulles karibu na Washington iligonga kilima cha Mount Weather na watu wote 92 wakafa. Wamarekani hawakungoja tena. Ndege kubwa za abiria zikaamriwa kufungwa kifaa kilichobuniwa na mhandisi mzaliwa wa Kanada, Don Bateman.

Kifaa kile cha kwanza kilikuwa na akili ya moja kwa moja. Kilitegemea altimita ya redio, ambayo hutuma mawimbi chini na kupima yanachukua muda gani kurudi. Ardhi ikipanda kwa kasi chini ya ndege, au ndege ikishuka kupita kiasi, au ikikaribia chini magurudumu hayajatolewa, sauti inapigwa. Kasoro yake ni kwamba kilitazama chini tu. Mlima wenye ubavu mkali ulikuwa ukikifikia ghafla, na onyo likaja wakati wa kuvuta umekwisha. Desemba 20, 1995, Boeing 757 ya American Airlines iliyokuwa ikielekea Cali nchini Kolombia ilipata onyo la sekunde kama 12 hivi. Marubani waliitikia mara moja, ila breki za mabawani zilikuwa zimeachwa wazi tangu waliposhuka, na ndege ikashindwa kuuvuka ukingo wa mlima. Watu 159 walikufa. Wanne waliokolewa.

Wakati huo Bateman alikuwa tayari anashughulikia dawa ya kasoro hiyo. Alihitaji ramani ya vimo vya dunia nzima ndani ya kompyuta, na Muungano wa Kisovieti uliposambaratika, ramani za kijeshi ambazo zamani zilikuwa siri kubwa zikawa zinauzwa. Akaishawishi kampuni yake izinunue. Kifaa kipya huchukua mahali ndege ilipo kutoka GPS, kikalinganisha na ramani hiyo, na kutazama mbele. Takribani sekunde 60 kabla ya ardhi kinatoa tahadhari. Zikibaki kama 30 kinaamuru: vuta juu. Ajali za ndege nzima, injini zikinguruma vizuri na rubani akiwa ameshika usukani, kwenda kupiga mlima, zilikuwa muuaji mkuu wa abiria wa ndege za jeti, na kwa sababu ya kifaa hicho zimepungua mno. Bateman alifariki Mei 2023. Ni watu wachache katika historia ya uchukuzi waliookoa roho nyingi kuliko yeye, na hapa mjini hajulikani hata na vijana wanaoweza kukutajia wachezaji wa akiba wa Arsenal.

Kwa nini basi mtu mwenye macho mazima akihitaji? Kwa sababu jicho ni hodari wa kujua kitu kiko upande gani, lakini kujua kiko umbali gani, na mtazamaji mwenyewe yuko juu kiasi gani, hulifanya kwa kukisia. Hukisia kutokana na vitu vya pembeni: ukubwa wa miti, upana wa barabara, kivuli. Viondoe hivyo, na makisio yanaharibika bila mwenye jicho kujua kwamba yameharibika. Mwanasaikolojia wa Boeing, Conrad Kraft, alilionyesha hili miaka ya 1960 baada ya ndege kadhaa mpya za Boeing 727 kuanguka zikikaribia kutua. Aliwaketisha marubani wazoefu katika mtambo wa kuigiza urukaji, akawapa mji wenye taa uliojengwa kwenye mteremko, na giza tupu kati yao na uwanja. Altimita akawaficha. Wengi wao walishuka chini kuliko walivyodhani, na lau ingekuwa safari ya kweli wangetua gizani kabla ya kuufikia uwanja. Hakuna kilichowaambia kwamba wamekosea, kwa kuwa picha mbele ya macho yao ilibaki sawasawa muda wote.

Mojawapo ya ajali zilizomsumbua Kraft ilitokea Cincinnati, Novemba 8, 1965. Ndege ya American Airlines ilikuwa inatua kwa macho jioni, hali ya hewa ikiharibika taratibu. Uwanja uko juu ya uwanda, mto Ohio uko bondeni, na taa za nyumba za bondeni ziko chini sana kuliko taa za uwanja. Ndege ilipiga mteremko wa bonde mahali palipo chini ya usawa wa uwanja wenyewe, na watu 58 kati ya 62 wakafa. Altimita zilikuwemo na zilikuwa nzima. Wachunguzi walihitimisha kwamba marubani hawakuzifuatilia ipasavyo walipokuwa wakitua kwa macho. Miezi michache baadaye, Februari 1966, 727 nyingine, ya All Nippon Airways, ilitumbukia katika Ghuba ya Tokyo usiku ikiwa nayo imeamua kutua kwa macho. Ilikuwa na watu 133, na hakupona mtu. Chanzo rasmi hakikuthibitishwa kamwe.

Msomaji wa Mombasa asiione Cincinnati kuwa mbali. Uwanja wetu uko futi 200 hivi juu ya bahari, na hori iliyo kando yake iko kwenye usawa wa bahari wenyewe. Usiku, anayeingia kutoka kusini-magharibi ana giza la Kwale nyuma yake, mikoko na maji chini yake, na mbele yake mwanga wa Changamwe pamoja na bandari isiyolala. Ukimwomba Kraft aichore picha yake upya, angeweza kuichora hapa. Mchana nako kuna Shimba Hills, vilima vya zaidi ya mita 400, ambavyo unyevu wa baharini huvivika wingu hali ya kuwa huku kisiwani jua linachoma. Mtu aliye juu anaweza kuiona lami yote ya uwanja wa Moi, nyeusi na safi, asikione kilima kilichojitanda wingu dogo karibu na njia yake. Ameuona uwanja, ndiyo. Ardhi hajaiona.

Turudi kwenye kile kifungu. Kinasomeka kiungwana: rubani ni mtaalamu, aachiwe nafasi ya kutumia akili. Tatizo ni kwamba kinamtaka aamue jambo ambalo kifaa kimekwisha kulitilia shaka. Kifaa kinasema: nadhani wewe hujui mahali ulipo. Kifungu kinajibu: basi tumwulize yeye mwenyewe kama anajua. Na kinauliza wakati mbaya kuliko wote, zikiwa zimesalia sekunde zisizotosha hata kufungua mlango wa nyumba.

Julai 28, 2010, Airbus A321 ya Airblue kutoka Karachi ilikuwa inatua Islamabad. Ilikuwa mchana, kukiwa na mvua na mawingu ya chini. Rubani mkuu alitakiwa kuuzunguka uwanja akiwa anauona, kisha atue upande wa pili. Alitoka nje ya eneo salama la kuzungukia, akaelekea vilima vya Margalla. Kifaa kilianza kulia na kikaendelea kulia kwa zaidi ya dakika moja. Zaidi ya dakika moja! Watu 152, wote, walikufa. Kinachoumiza zaidi katika taarifa ya uchunguzi ni habari za rubani msaidizi. Alijua. Alimwambia mkubwa wake ageuze, alimwambia avute juu, tena akimwita bwana. Hakuushika usukani. Mwanzoni mwa safari mkubwa huyo alikuwa amemkaripia na kumhoji kama mwanafunzi, na kufikia Margalla kijana alikuwa amekwisha nyamazishwa rohoni.

Huku Pwani hatuhitaji kufafanuliwa hilo. Tumelelewa kwamba mdogo hamkatizi mkubwa, na aliyepewa shikamoo hapewi amri. Ni malezi mema mezani na barazani. Mashirika ya ndege yamechukua miongo kadhaa kuwafundisha marubani wasaidizi kuyaweka kando wanapofunga mlango wa chumba chao, na bado ukifuatilia kinasa sauti cha ajali nyingi utamsikia mdogo akidokeza, akirudia kudokeza, akitafuta njia ya kusema bila kumvunjia mzee heshima. Kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote za kukifuta kifungu. Amri isiyo na masharti humwokoa mdogo na mzigo wa kubishana. Haihitaji kumwambia kapteni kwamba amekosea; inatosha kusema kifaa kimelia, tunavuta, kisha yeyote kati yao anavuta. Ukiweka neno "isipokuwa", umewaanzishia mjadala, na katika mjadala mkubwa hushinda.

Guam, Agosti 6, 1997, Boeing 747 ya Korean Air ilikuja usiku wa manane ikitarajia kutua kwa macho, kwa kuwa ule mwale wa redio unaoonyesha mteremko wa kushukia ulikuwa umezimwa kwa matengenezo. Mvua ikaziba mbele. Rubani msaidizi alipendekeza waghairi kutua, sekunde chache tu kabla ya kugonga kilima cha Nimitz. Watu 228 walikufa. Mtambo wa rada wa kuwatahadharisha waelekezi kwamba ndege imeshuka mno ulikuwa umefungwa usilie katika eneo kubwa kuuzunguka uwanja, kwa sababu ulikuwa unawasumbua kwa kelele za bure. Busan, Aprili 15, 2002, Air China ilizunguka uwanja, ikaupoteza machoni, ikagonga mlima, watu 129 wakafa.

Atakayenijibu atasema hizo zote ni mvua, mawingu na usiku, na kifungu kinahusu mchana mweupe. Sawa. Novemba 28, 1979, DC-10 ya Air New Zealand ilikuwa Antaktika ikiwaonyesha watalii barafu. Ilikuwa mchana, chini ya mawingu, hewa safi, abiria wakipiga picha madirishani. Marubani waliona mbele yao uwanda mweupe unaoendelea hadi upeo wa macho. Ule uwanda ulikuwa ubavu wa mlima Erebus. Theluji na wingu lililo juu yake vilikuwa vya rangi moja, mteremko ukapotea, jicho likachora tambarare pasipo tambarare. Viratibu vya njia, yaani namba za mahali pa kupitia, vilikuwa vimebadilishwa kwenye kompyuta bila wao kuambiwa, kwa hiyo hata walipokisia walikisia kutoka mahali pasipo. Kifaa kililia sekunde kama sita za mwisho. Watu 257. Hao waliona kadiri mtu anavyoweza kuona.

Na kuna upinzani wenye nguvu zaidi, ambao siwezi kuupita kwa mbio: kifaa nacho hudanganya. Tangu mwaka 2023 hasa, ishara za GPS zimekuwa zikizibwa na kughushiwa karibu na maeneo ya vita, Mashariki ya Kati na pande za Bahari Nyeusi. Ndege iliyolishwa mahali pa uongo huweza kuambiwa ivute juu ikiwa futi zaidi ya 30,000, ambako hakuna mlima wowote duniani unaofika, na baadhi ya mitambo hubaki imechanganyikiwa hata baada ya kutoka eneo hilo. Ndege zinazotujia kutoka Ghuba na Ulaya hupita jirani na anga hizo. Rubani aliyesikia onyo la uongo asubuhi ana sababu ya kulitilia shaka la jioni atakapokuwa anashuka Mombasa. Kwenye viwanja vidogo ni hivyo hivyo: kama kiwanja hakimo katika kumbukumbu za kifaa, kwa kifaa hicho rubani haendi uwanjani, anaenda kugonga ardhi. Kitalia. Kesho kitalia tena. Keshokutwa mtu atabonyeza kitufe cha kukinyamazisha kabla hata hajaanza kushuka, na mazoea yakishaingia kidoleni hayatofautishi Mara na Aberdare.

Lakini tazama pale mantiki hiyo inapotufikisha. Mei 9, 2012, Sukhoi Superjet mpya kabisa ilikuwa katika safari ya maonyesho nchini Indonesia, wateja wakiwa ndani. Onyo lilipolia, rubani mkuu, mmoja wa mabingwa wa kiwanda, alidhani ramani ya kifaa ndiyo yenye kasoro, akakizima. Mlima Salak ulikuwa palepale kifaa kilipouonyesha. Watu 45. Dawa ya onyo la uongo ni kurekebisha kinacholidanganya, na gharama ya kuliitikia pasipo hatari ni mzunguko mmoja wa ziada. Hesabu hii haina pande mbili zinazolingana.

Kwetu Kenya ardhi inaua zaidi kwenye ndege ndogo, na kutua kwa macho ni sehemu moja tu ya habari hiyo. Julai 2003 ndege ya kukodi iligonga Mlima Kenya, watu 14. Aprili 10, 2006, ndege ya Jeshi la Wanahewa ilianguka karibu na Marsabit katika hali mbaya ya hewa, watu 14 tena, wakiwemo wabunge waliokuwa wakienda kutafuta amani. Juni 5, 2018, Cessna Caravan kutoka Kitale kwenda Nairobi iliishia Aberdare, watu 10. Oktoba 28, 2025, Caravan nyingine iliruka Diani asubuhi ikielekea Kichwa Tembo, ikaanguka Tsimba Golini, hapa hapa Kwale, na wote 11 wakafa. Hiyo haikuwa inatua, na chanzo chake nawaachia wachunguzi. Kanuni ya ICAO inazilazimisha ndege za injini za tabaini zenye uzito unaozidi kilo 5,700, au zinazoruhusiwa kubeba zaidi ya abiria 9, kuwa na kifaa kinachotazama mbele. Caravan haifiki uzito huo. Kwa hiyo mstari unapita kwenye idadi ya viti, na familia inayopanda ndege kwenda mbugani haina habari kama imekaa upande gani wa mstari.

Kwenye ndege kubwa, mengi hayahitaji fedha. Njia ya 03 ya uwanja wa Moi ina ILS, mtambo unaomshusha rubani kwa mwale wa redio. Anayeomba kutua kwa macho kutoka upande wa Kwale auwashe mtambo huo hata hivyo, autazame kila baada ya muda, na ukipingana na macho yake, macho yaondoke njiani. Nahodha anayeingia Kilindini anaiona bahari, anauona mlango, tena pengine ameupita maisha yake yote, na bado huzipanga taa za kuongozea za Ras Serani mpaka zikae sawa. Hakuna baharia anayemcheka. Uwanja una pia taa za pembeni mwa njia zinazobadilika rangi kwa kadiri ya mteremko: mbili nyeupe na mbili nyekundu, uko sawa, nne nyekundu, uko chini mno. San Francisco, Julai 6, 2013, jua likiwaka, 777 ya Asiana ilishuka kwa macho kwa sababu mwale wa mteremko ulikuwa umezimwa, ikapiga ukuta wa bahari mbele ya uwanja. Taa zile zilikuwa zinawaka.

Jingine ni kile kiwango cha kuamua kama ndege imetulia vya kutosha kutua: kasi sawa, mteremko sawa, magurudumu nje. Mawinguni kinakaguliwa kwenye futi 1,000. Kukiwa kweupe, mashirika mengi yanakubali futi 500. Huku ndiko kuiamini methali kwa mara ya pili. Kwenye mteremko wa kawaida futi 500 ni chini ya dakika moja kabla ya lami, na rubani aliyefika hapo akiwa hajatulia amekwisha kujitolea moyoni kutua. Shirika la Flight Safety Foundation limeeleza kwamba katika ushukaji usiotulia, takribani asilimia 3 tu ndio huishia kwa rubani kughairi na kupaa tena. Iwe futi 1,000 kwa wote, jua au mvua.

Na abiria tuna sehemu yetu, ndogo lakini ipo. Ndege ikipaa tena ghafla pale ilipokuwa karibu kugusa lami, simu zikiwashwa utasikia malalamiko: rubani hajui kazi, tumecheleweshwa, tunadai fidia. Shirika linalosoma malalamiko hayo na kumwita rubani ofisini ajieleze limewafundisha wenzake wote kutoghairi. Rubani aliyepaa tena asiulizwe kwa nini na mtu wa biashara. Mwenye haki ya kumuuliza ni mwalimu wake, kwa nia ya kujifunza.

Lililobaki liko mezani kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Viwanja vingapi vya ndege ndogo, kuanzia Pwani hadi Mara, vimepimwa na takwimu zake kutumwa kwa watengenezaji wa ramani za vifaa hivi, ili Caravan ikishuka huko isipigiwe kelele za bure? Na kati ya ndege zenye viti 9 au pungufu zinazouzia umma tiketi, ngapi zina kifaa kinachotazama mbele, ngapi zina kile cha kutazama chini, na ngapi hazina chochote? Ni jedwali la ukurasa mmoja. Lichapishwe kabla ya msimu wa watalii wa Julai, na wauzaji wa tiketi waliweke pale pale wanapobandika bei.